Lusweti Alivyohama Harlan

Kama hujawahi kuona mtu mzima akibembeleza mashine, ungekuja Munyaka, mtaani kwetu Eldoret, ukakaa kibarazani kwangu Jumamosi moja. Mimi ni fundi wa cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na mlango wa Lusweti. Nimemshonea mkewe, Emmaculate, nguo za kila msimu, na kwa miaka hiyo yote nimemwona bwana huyo akipangusa mashine yake kwa kitambaa nilichomkatia mimi mwenyewe, akiipuliza vumbi, kisha akiifunika kwa blanketi la mtoto. Mtoto alilala bila. Natia chumvi, lakini kidogo tu.

Lusweti ni karani katika ghala la mahindi. Huko anahesabu magunia na hakuna anayemuuliza lolote. Nyumbani alitaka kuulizwa. Mashine aliipata kwa Mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao: kijiti kirefu cha rangi ya manjano, sahani ya duara chini, vifaa vya kuvaa masikioni, na ubavuni jina la walioitengeneza, Harlan. Unapitisha sahani juu ya udongo, na ikipita juu ya kitu cha chuma au shaba au fedha, inalia. Unachimba, unaona ulichopata. Huo ndio mchezo wenyewe. Wako watu wazima wanaoucheza pale Eldoret, wachache, na wote wanaamini kuna settler, mlowezi wa Kizungu, aliyezika sanduku la mali mahali fulani kabla ya uhuru.

Mtaani tulikuwa tumezoea ile mashine ndogo ya kupekulia watu ya askari wa supamaketi, basi Lusweti akaitwa Soja, yaani mlinzi. Watoto wakikutana naye walisimama wakainua mikono juu wapekuliwe. Yeye hakuona kichekesho. Aliwapita na Harlan yake begani kama mtu anayebeba msalaba kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu.

Na alichopata? Misumari. Vifuniko vya soda. Vipande vya mabati, waya, bawaba za milango ambayo nyumba zake zilishaoza. Mara moja alipata senti ya zamani yenye tundu katikati, akaitembeza mtaa mzima kwenye pamba kama jino. Zilizobaki zilikuwa takataka za kutu, na kwa kuwa hakukubali kutupa chochote kilichopatikana na Harlan, Emmaculate aliishi na beseni la kutu nyuma ya mlango mpaka likamchania gauni. Mimi ndiye niliyelitia kiraka.

Ungemgusa Harlan ungekuwa umemgusa mamake. Alikuwa na kofia ya Harlan, alibandika stika ya Harlan mlangoni, nyingine kwenye baiskeli, nyingine kwenye televisheni pale pembeni, kiasi kwamba ukitazama habari msomaji anakosa sikio. Alizungumza akisema "sisi watu wa Harlan," kana kwamba ni ukoo. Hao watu wengine wa Harlan walikuwa Amerika kwenye simu yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kama yupo.

Adui yake alikuwa Farah. Farah ana duka la vipuri vya simu mjini, ni mrefu, mpole, na akikuchoma hutambui mpaka ufike nyumbani. Yeye alikuwa na mashine ya kampuni nyingine, Dorvik, nyeusi, yenye kioo kidogo kinachoonyesha namba. Walikuwa wakienda pamoja kando ya mto Sosiani na wenzao, kila mmoja na yake, na wakirudi walipita kwangu kunywa chai ili nisikie wakigombana.

"Lusweti, leo umepata kilo ngapi ya misumari?" Farah angeuliza. "Wallahi ungefungua duka la hardware."

"Harlan haidanganyi. Kitu ikiwa chini, inakuambia."

"Inakuambia kila kitu kama mke mwenye wivu. Yangu naiambia, chuma sitaki. Inanyamaza. Hata upite juu ya trakta imezikwa, inanyamaza. Inaongea tu ikiona shaba, fedha, dhahabu."

"Mashine yenye inachagua ni mashine yenye inaficha," Lusweti alisema, na nakiri kwamba siku hiyo nilimwona ana akili.

Kilichomvunja kilikuwa pete ya Elgon View. Kuna mama mmoja katika mtaa huo wa matajiri, daktari wa meno, aliyepoteza pete yake ya ndoa kwenye nyasi za nyumba yake siku ya sherehe. Ghala ambamo Lusweti anafanya kazi ni la shemeji wa huyo mama, basi akaitwa. Alivaa kofia, akapanda baiskeli, akaenda kuikomboa ndoa ya watu. Lakini nyumba zile zinapojengwa, mafundi humwaga mabaki yao palepale, kisha udongo mzuri unaletwa juu na nyasi zinapandwa. Chini ya bustani ile kulikuwa na misumari ya nyumba nzima. Harlan ililia kila hatua, na kila ilipolia, Lusweti alichimba, kwa sababu ndivyo watu wa Harlan wanavyofanya.

Mwenye nyumba alitoka na kikombe mkononi, akatazama.

"Mister Lusweti," alisema, "nilikuita unitafutie pete, sikukuita unipandie viazi."

Akampigia Farah simu Lusweti akiwa bado amepiga magoti. Farah alikuja na Dorvik yake, akaiambia isahau chuma, akatembea polepole huku na huku, mashine kimya kabisa, mpaka ilipotoa mlio mmoja mtamu karibu na maua. Alikata nyasi kipande kidogo, akatoa pete, akakirudisha kipande mahali pake, na usingejua palichimbwa. Lusweti alipewa chai yake langoni, kwenye kikombe cha askari. Picha ya ile bustani, mashimo matupu, ilizunguka kwenye simu za wenzake wote kabla hajafika nyumbani. Farah ndiye aliyeituma. Aliandika chini yake, "Shamba la Harlan, tayari kwa kupanda viazi."

Nilicheka, kwa nini nidanganye. Mtaa wote tulicheka. Watoto wakaacha kuinua mikono; sasa wakimwona walijifanya wanapanda viazi.

Baada ya hapo Lusweti hakuonekana na mashine kwa muda mrefu. Halafu Jumamosi moja akatoka na sanduku refu, akalifungua mlangoni makusudi ili nione. Dorvik. Si kama ya Farah, bali ile kubwa zaidi, kioo chake kikubwa kuliko simu yangu. Harlan aliipeleka kwa mtu wa chuma chakavu kule karibu na reli, na alihakikisha anaipeleka mchana. Kofia aliitia motoni nikiangalia. Stika ya mlangoni ilikataa kutoka. Akaikwangua kwa kisu ikabaki doa la gundi ambalo sasa hukusanya nzi.

Nilidhani amejifunza unyenyekevu. Alikuwa amejifunza namba tu. Kila kitu kina namba, alinieleza, shaba namba fulani, fedha namba fulani, na chuma kiko chini kabisa, ndio maana mtu mwenye akili anakikata kabisa asikisikie. Aliwakejeli watu wa Harlan kuliko Farah alivyowahi. Kijana mmoja wa Kapsabet alileta Harlan yake Sosiani, Lusweti akamuuliza kama amekuja kufanya usafi wa kaunti. Sasa alisema "sisi watu wa Dorvik." Na aliapa mbele yangu kwamba hatachimba msumari tena maisha yake yote.

"Nekesa, hiyo ujinga nimeacha," aliniambia. "Chuma ni takataka. Mtu wa maana hachimbi takataka."

Basi katika hali hiyo ndipo Wamucii alipomkuta.

Wamucii ananiletea viazi kutoka Burnt Forest tangu nilipohamia hapa. Ni mjane, ana binti mmoja, Waiyego, na ana kipande cha ardhi kando ya barabara ya Nakuru ambapo palikuwa na nyumba yake na kinu cha kusaga mahindi. Vyote viliungua wakati wa vurugu baada ya uchaguzi wa 2007. Yeye alikimbia na mtoto mgongoni. Mumewe hakuweza kukimbia. Alikuwa na polio tangu utotoni, na mguu mmoja ulisimama kwa vyuma: fito mbili ndefu kutoka pajani hadi kwenye kiatu, zimefungwa kwa mikanda ya ngozi. Wamucii alipojaribu kumvuta alimwambia atangulie na mtoto, naye akauawa palepale. Jirani yao Mkalenjin, mama mmoja aliyeitwa Rael, ndiye aliyemzika haraka haraka huku akiogopa watu wa kabila lake wasimwone, kisha akamtumia Wamucii ujumbe katika kambi ya wakimbizi: yuko kando ya nyumba, nimemzika na nguo zake na kila kitu chake. Wamucii alipothubutu kurudi, Rael alikuwa ameshafariki, nyumba ilikuwa jivu, na shamba lilikuwa limemea magugu kila upande. Kando gani, hakuna aliyejua.

Kwa miaka hiyo yote hakuuza kile kipande. Wanunuzi walikuja, yeye aliwaambia yuko mtu hapo. Alitaka kumtoa, amzike kwa padri na jeneza na jina, halafu ardhi iende popote. Alichimba mwenyewe kwa jembe, kila msimu upande mmoja, mpaka majirani wakaanza kumzungumzia. Na sasa alikuwa amekuja tajiri aliyetaka pale mahali kujenga maduka na nyumba za kulala wageni, na Waiyego alikuwa amemwambia mamake wazi kwamba amechoka kuishi kwa kaburi lisilokuwepo.

Emmaculate ndiye aliyemwambia habari za mashine ya mumewe. Wamucii alishika meza yangu kwa mikono miwili.

"Inaweza ona mtu?"

"Mtu hapana," Lusweti alijibu kutoka mlangoni kwake, maana alikuwa anasikiliza. "Lakini kitu yenye mtu alikuwa nayo, hiyo lazima. Hii ni Dorvik, Mama."

Tulienda sote, mimi nimebeba chupa ya chai na Lusweti amevaa kofia mpya. Sitaki kuongeza utamu: asubuhi ile nilimheshimu. Alitembea mpaka kwenye msingi wa nyumba, akavaa vitu vyake masikioni, akaanza, na mara mashine ikapiga kelele kama nguruwe. Nyumba iliyoungua huacha misumari yote chini, na mabati, na waya. Kila mahali palilia. Nilimwona akisimama, uso umemjaa aibu, na nikajua ameiona tena ile bustani ya Elgon View. Akabonyeza kioo. Chuma kikakatwa. Pakanyamaza.

"Sasa niambie, Mama," alimwambia Wamucii. "Mzee alikuwa na nini? Pete?"

"Hakuwa na pete."

"Saa? Pesa ya mfuko?"

"Alikuwa na funguo za posho mill, ile kinu yetu, zile za shaba, anafunga kwa mshipi. Hawezi ziacha. Na alikuwa na ile chuma yake ya mguu."

"Funguo za shaba," Lusweti alisema, na uso ukamng'aa. "Hiyo ndiyo naitaka. Shaba naijua namba yake."

"Na ile chuma ya mguu. Ni kubwa, ilikuwa inafika hapa." Wamucii alijigusa paja.

"Mama, chuma wachana nayo. Hapa chuma imejaa kama mchanga, tutachimba mpaka Krismasi. Hii mashine haitafuti takataka. Shaba ndiyo itatuonyesha."

Nilisikia hilo neno na sikulipenda, lakini nilidhani anajua kazi yake. Wamucii naye alilisikia. Alivuta leso yake, akatikisa kichwa kukubali, kama tunavyokubali mbele ya watu wenye mashine.

Na alifanya kazi, hilo siwezi kumnyima. Alipitisha sahani pande zote za msingi wa nyumba, mistari iliyonyooka, hakuruka mahali. Wamucii alimfuata nyuma hatua kwa hatua. Mara mbili tatu mashine ikalia: kijiko, betri ya redio, sarafu. Kila alipochimba, Wamucii alipiga magoti kando yake na kupokea udongo kwa mikono. Funguo hazikuwepo. Nasi hatukufikiri jambo ambalo mtu yeyote angelifikiri: waliomuua walitaka unga uliokuwa kwenye kinu, na kinu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Funguo zilikuwa zimeondoka siku ileile.

Jua lilipoanza kushuka Lusweti alivua vitu vyake masikioni.

"Mama, hayuko hapa," alisema.

"Una uhakika?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema funguo sijaziona. Maneno hayo hayagharimu kitu. Lakini alikuwa na Dorvik mkononi na mwanamke mbele yake akimwangalia kama daktari, na ni nani aliyewahi kumwangalia hivyo kwenye lile ghala?

"Hii mashine ingemwona. Angekuwa hapa ningempata. Pengine serikali ilimbeba na lori wakapeleka mochari, wengi walibebwa hivyo. Lakini hapa hayuko. Hapa ni safi."

Wamucii alikaa chini kwenye msingi wa nyumba yake akalia, na katika kulia kwake kulikuwa na kupumua. Nilimshika mabega. Aliniambia, "Basi nilikuwa nachimba bure, Nekesa. Hakuwa hapa." Wiki iliyofuata alitia sahihi ya kuuza, na Waiyego alimkumbatia mamake mbele ya wakili.

Lusweti alilisimulia jambo hilo Sosiani nzima. Alilisimulia vizuri, akiinamisha kichwa panapotakiwa. Hata Farah alimpa mkono.

Maduka yalianza kujengwa kabla mvua haijaisha. Shimo la choo walilichimba kando ya pale palipokuwa jiko la Wamucii. Vibarua walifika kina cha goti tu wakatoa fito mbili za chuma zenye kiatu, wakazirusha kwenye rundo la vyuma vya kuuza, wakaendelea kuchimba, maana kazi yao ilikuwa ya kulipwa kwa shimo. Mifupa kama waliiona hawakusema. Udongo ulipakiwa kwenye lori ukaenda kujaza barabara ya mtu, na hakuna aliyejua lori lilikuwa la nani wala barabara iko wapi. Mkwe wa marehemu Rael ndiye aliyepita na kuiona ile chuma juu ya rundo. Aliijua, watoto wote wa upande ule waliijua sauti yake njiani. Akaibeba akampelekea Wamucii. Shimo lilikuwa limeshafunikwa kwa zege, na juu yake choo cha wageni.

Wamucii alikuja kwangu bila viazi. Alikuwa na kitu kirefu kimefungwa ndani ya leso, akakiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akafungua. Kutu ilikuwa imekula nusu, ngozi imekuwa nyeusi, kiatu kimejikunja. Alinieleza yote bila kupandisha sauti. Nilitaka kumwita Lusweti nimtukane barabara nzima isikie. Yeye akanizuia kwa mkono.

"Muite tu," alisema. "Mwambie akuje na mashine."

Lusweti alikuja na Dorvik begani, akitabasamu, akidhani kuna kazi. Alipoona kilicho mezani tabasamu likakaa palepale, halikujua pa kwenda. Emmaculate alitoka nyuma yake na kusimama mlangoni.

"Washa," Wamucii alimwambia. "Vile uliwasha siku ile."

"Mama, mimi..."

"Washa vile uliwasha."

Aliwasha. Akapitisha sahani juu ya ile chuma, karibu kabisa, kutoka pajani mpaka kwenye kiatu. Hakuna sauti. Akarudia. Kimya. Kioo kilikuwa kitupu. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilitaka ainue macho aone kwamba namchukia, lakini yeye alikuwa anaangalia kioo.

"Si mashine, Mama," alisema haraka. "Ni setting. Nilikuwa nimekata chuma. Ngoja, ngoja uone."

Akabonyeza, akabonyeza tena, akashusha sahani. Mashine ilipiga yowe lililowatoa watu kwenye nyumba za jirani. Akaipitisha mara ya pili, ikapiga tena, na namba zikajaa kwenye kioo. Akamgeuzia Wamucii kile kioo akione.

"Unaona? Inafanya. Inafanya vizuri sana. Hata ikiwa chini namna gani, hii haiwezi kuikosa."

"Kwa hivyo siku ile," Wamucii aliuliza, "ungeiacha hivi, ungempata."

"Ningempata, Mama! Kabisa. Ningempata asubuhi hiyo hiyo."

Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkono wenye mashine ukashuka. Wamucii alimtazama kidogo, kisha akaikunja ile chuma ndani ya leso, akaifunga mafundo mawili, akaniuliza kama kuna maji ya kunawa mikono.